Mapato yaliyoahirishwa katika kliniki ya kunyoosha meno

Mapato yaliyoahirishwa ni fedha ambayo mgonjwa ameshalipa lakini kliniki bado haijaifanyia kazi. Iko benki kwa jina la kliniki, ila kihesabu ni deni, kwa sababu mgonjwa anadai huduma yake. Kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni ya kliniki, hukaa upande wa dhima (madeni), pamoja na mikopo na bili za wauzaji wa vifaa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 15, kilichoanza kutumika mwaka 2018, kinaiita dhima ya mkataba, na kinataka mapato yaandikwe kadiri huduma inavyotolewa, si kadiri fedha inavyoingia.

Daktari anayeziba na kung'oa meno hasumbuki sana na jambo hili: jino limezibwa leo, limelipiwa leo, kazi imeisha. Kunyoosha meno ni mkataba wa miezi 18 hadi 24, wakati mwingine zaidi, kwa ada moja iliyokubaliwa mwanzoni. Malipo yana ratiba yake na matibabu yana ratiba yake. Mmiliki mpya anayeangalia salio la benki peke yake hana namna ya kujua ratiba hizo mbili zimeachana kwa kiasi gani.

Tuchukue ada ya 6,000, kwa fedha yoyote ile, na matibabu ya miezi 24. Mgonjwa anatoa kianzio cha 1,500 siku ya kubandikwa breketi (vidude vidogo vinavyoshika waya kwenye meno), kisha 250 kila mwezi kwa miezi 18. Upande wa kazi, siku ya kubandika ndiyo nzito kuliko zote: breketi, waya, muda mrefu wa kiti, picha, eksirei na mpango wa matibabu. Kwa hiyo tuseme asilimia 20 ya ada, yaani 1,200, inahesabiwa imepatikana siku hiyo, na 4,800 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 24, sawa na 200 kwa mwezi.

Mwezi wa 12 ukiisha, mgonjwa amelipa 4,500. Kazi iliyofanyika ina thamani ya 3,600. Tofauti, 900, ndiyo mapato yaliyoahirishwa. Mwezi wa 18 amemaliza kulipa zote 6,000, kazi imefika 4,800, na deni ni 1,200. Kuanzia hapo kwa miezi sita anakuja kliniki, anabadilishiwa waya, anavuliwa breketi, anapewa kifaa cha kushikilia meno yasirudi, na haiingii hata senti moja. Wagonjwa 50 wa aina hii ni kazi ya 60,000 ambayo fedha yake ilishapokelewa, na pengine ilishatumika.

Hatari hujificha wakati kliniki inakua. Vianzio vya wagonjwa wapya hulipa mishahara na kodi ya pango, na kila mtu anaona mambo yanakwenda vizuri. Wagonjwa wapya wakipungua kwa miezi michache, fedha inakauka huku viti vikiwa vimejaa wagonjwa waliokwisha kulipa. Mmiliki hushangaa: kazi ni nyingi, akaunti tupu. Punguzo kwa anayelipa yote siku ya kwanza huongeza ukubwa wa tatizo, maana mgonjwa huyo anaacha papo hapo deni la asilimia 80 ya alicholipa, yaani 4,800 kabla ya kutoa punguzo. Si vibaya kulitoa. Vibaya ni kununulia skana fedha hiyo.

Si lazima kufungia benki kiasi chote kinachodaiwa. Kinachohitajika ni gharama ya kumaliza kazi. Kama matumizi ya kliniki hula asilimia 60 ya ada, deni la 1,200 linahitaji akiba ya 720. Akaunti ya pili, isiyotumika kwa malipo ya kila siku, inasaidia sana hapa.

Hesabu yenyewe hufanywa kila mwisho wa mwezi, mgonjwa mmoja mmoja: tarehe ya kuanza, ada, jumla aliyolipa, sehemu ya kazi iliyofanyika, miezi iliyobaki. Hiyo ya mwisho ijazwe na daktari, si na mtu wa mapokezi, kwa sababu matibabu huchelewa: breketi zinabanduka, mgonjwa anakosa miadi, jino lililozama linagoma kushuka. Kama mgonjwa wetu wa mwezi wa 18 sasa anahitaji miezi 12 badala ya sita, ile 1,200 inagawanywa upya, 100 kwa mwezi. Asiyefanya hivyo ataona kwenye daftari kazi imekwisha wakati mgonjwa bado ana waya mdomoni.

Pengo linaweza pia kuelemea upande wa pili. Mgonjwa asiye na kianzio, anayelipa 250 kwa miezi 24, mwisho wa mwezi wa kwanza amelipa 250 kwa kazi ya 1,400. Huyo ndiye anayedaiwa, na akihama mjini mwezi huo hasara ni ya kliniki. Kianzio kinachofunika gharama ya siku ya kubandika ni kinga rahisi kuliko barua za madai.

Mkataba unapaswa kusema wazi mgonjwa akihama katikati kazi iliyofanyika itapimwaje. Kwa mfano wetu, anayeondoka mwezi wa 12 hurudishiwa 900 na kupewa nakala za kumbukumbu zake. Useme pia nani analipa salio iwapo bima ya mgonjwa itasitishwa, kwa kuwa bima nyingi hulipa kidogo kidogo muda wote wa matibabu na hukoma mwanachama akitoka. Anayeacha kulipa hatelekezwi: anapewa notisi ya maandishi, muda wa kutafuta daktari mwingine, na huduma ya dharura katika muda huo. Kumwacha na waya usioangaliwa kunaweza kuharibu meno na kumfikisha daktari mbele ya baraza la taaluma. Kuhusu kodi, sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, nyingine hutoza fedha ikipokelewa, kwa hiyo mhasibu aulizwe kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Anayenunua kliniki iliyopo ndiye anayeumia zaidi akilisahau hili. Wagonjwa 200 wenye wastani wa 900 kila mmoja ni kazi ya 180,000 atakayoifanya bila malipo, kwa hiyo gharama ya kuimaliza ipunguzwe kwenye bei au muuzaji aache kiasi hicho mahali salama. Ukinunua hisa za kampuni, deni linakuja nazo. Ukinunua mali peke yake, mkataba ndio unaoamua, ingawa wagonjwa watakuja kwenye mlango uleule. Usiridhike na orodha ya muuzaji. Chagua mafaili 20 bila mpangilio, linganisha picha za karibuni na miezi iliyoandikwa kuwa imebaki, na uangalie kama miezi ya mwisho kabla ya mauzo ilikuwa na wimbi la wagonjwa waliopewa punguzo ili walipe yote mapema.