Je, wajua metali za sumaku zilifikaje kwenye mwamba wa mbolea?

Jino la papa aliye hai karibu halina neodimiamu wala itriamu ndani yake. Jino la papa aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita, likazikwa kwenye tope la bahari, linaweza kuwa na metali hizo mara elfu moja na zaidi. Papa hakuzila. Ziliingia kwenye jino baada ya yeye kufa, zikitoka kwenye maji yaliyolizunguka. Ukielewa kilichotokea ndani ya jino hilo, umeelewa pia kwa nini mwamba wa fosfeti, ule unaochimbwa ili kutengeneza mbolea, hubeba metali zinazotafutwa kwa udi na uvumba na viwanda vya magari ya umeme.

Metali zenyewe ni elementi 17 zinazoitwa kwa pamoja madini adimu: elementi 15 za kundi liitwalo lanthanaidi, ukiongeza skandiamu na itriamu. Neodimiamu ndiyo hutengeneza sumaku zenye nguvu za mota na mitambo ya upepo, na disprosiamu na terbiamu huongezwa ili sumaku hizo zisidhoofike zikipata joto. Si kwamba ardhi ina upungufu wa metali hizi. Hata thuliamu, mojawapo ya zile chache kabisa, ni nyingi kuliko fedha kwenye gamba la dunia. Tatizo ni kwamba zimetapakaa. Ni mahali pachache zinapokusanyika kiasi cha kuchimbika.

Na bahari ndipo mtu angetegemea kuzipata kidogo kuliko popote. Katika tani milioni moja za maji ya bahari mna gramu chache tu za neodimiamu. Kiasi hicho kiligeukaje kuwa mamia ya gramu katika kila tani ya mwamba?

Kwanza mwamba wenyewe. Fosfeti ya mashapo, yaani iliyojengeka kwa tope lililotuama, huzaliwa hasa pale maji baridi ya vilindini yanapopanda juu yakiwa na virutubisho, kama inavyotokea leo kwenye pwani za Peru na Namibia. Vijimea vidogo vya baharini hustawi, vikifa huzama, na bakteria huvioza chini kwenye tope. Fosforasi iliyokuwa miilini mwake huachiwa kwenye maji yaliyonaswa kati ya chembe za tope. Kwenye tope la Namibia wapo hata bakteria wakubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, Thiomargarita namibiensis, wanaohifadhi fosforasi na kuimwaga oksijeni inapoisha. Fosforasi ikizidi, huungana na kalsiamu na kuganda kuwa fuwele ndogo sana za apataiti, jamii ileile ya madini inayojenga meno na mifupa.

Siri yote imo ndani ya fuwele hizo. Ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya kalsiamu na ioni za madini adimu zinakaribiana sana kwa ukubwa, kwa hiyo neodimiamu au itriamu inayopita huenea kwenye nafasi ya kalsiamu kama mgeni aliyekuta kiti cha kimo chake. Kasoro ni moja: kalsiamu ina chaji mbili chanya, hizi zina tatu. Fuwele husawazisha hesabu kwa kuipokea pia sodiamu, yenye chaji moja, kwenye nafasi nyingine ya kalsiamu. Basi metali imeshakaa, na haitoki kwa urahisi.

Kilichobaki ni muda. Tabaka bora za fosfeti hujengeka polepole mno. Mikondo huzifukua, huondoa tope laini, huacha chembe za fosfeti, kisha huzifunika tena. Kila mara chembe hizo, ambazo zina eneo kubwa la kunasia kwa sababu ya udogo wa fuwele zake, hukutana na maji mapya. Kuna na njia ya pili: oksidi za chuma na manganizi zinazozama hubeba madini adimu juu yake, na zikifika kwenye tope lisilo na oksijeni huyeyuka na kuyaachia karibu kabisa na apataiti inayoyangojea.

Ushahidi kwamba yalitoka baharini tunapewa na elementi moja inayokosekana. Seriamu ndiyo iliyo nyingi zaidi kati ya madini adimu yote, lakini ndani ya maji yenye oksijeni hupoteza elektroni ya nne, ikaacha kuyeyuka na kung'ang'ania oksidi za manganizi. Maji ya bahari hubaki na pengo la seriamu, na fosfeti iliyonyonya maji hayo hurithi pengo hilohilo. Wanajiolojia hulisoma ili kukisia kama bahari ya kale ilikuwa na oksijeni, ingawa husoma kwa tahadhari, maana mabadiliko yaliyoupata mwamba baadaye huweza kuivuruga alama hiyo. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Pengo hilo lina faida ya mfukoni pia. Seriamu ni ya bei ya chini. Katika machimbo ya Mountain Pass kule California, seriamu ni karibu nusu ya madini adimu yote, na yale mazito kama disprosiamu hayafiki hata asilimia moja. Fosfeti ya mashapo ina seriamu kidogo na fungu kubwa zaidi la yale mazito, ambayo ndiyo yenye uhaba. Mwaka 2015 Poul Emsbo na wenzake wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, walichapisha vipimo vya fosfeti za nchi hiyo. Waliona kwamba kiasi cha madini adimu hutofautiana sana kulingana na umri wa tabaka, na kwamba asidi isiyo kali huweza kuyatoa karibu yote.

Kwa nini basi hayachukuliwi? Kiwandani mwamba humwagiwa asidi ya salfuriki, ikapatikana asidi ya fosforiki ya kutengenezea mbolea, na pembeni ikabaki jasi, kama tani tano kwa kila tani moja ya asidi hiyo ya fosforiki. Jasi nayo ni fuwele ya kalsiamu. Metali zilizoachiwa na apataiti hunaswa tena, sehemu kubwa ikiishia kwenye jasi pamoja na radiamu yenye mionzi. Florida pekee ina milima ya jasi hiyo ya takriban tani bilioni moja.

Dunia huchimba zaidi ya tani milioni 200 za mwamba wa fosfeti kila mwaka. Tukichukulia nusu kilo ya madini adimu kwa kila tani, tunapata tani 100,000 kwa mwaka kutoka kwenye mwamba ambao gharama ya kuuchimba, kuusaga na kuuyeyusha imekwisha kulipwa na mbolea. Naamini kuziacha kwenye jasi ni hasara kubwa. Lakini kuzitoa kunadai kubadili hatua za kiwanda kabla jasi haijaganda, au kuiosha jasi yenyewe na kuimudu ile radiamu.

Kutoa metali ya pili kwenye mkondo wa mbolea si jambo geni. Viwanda vya Florida viliwahi kuchuja urani kutoka kwenye asidi ya fosforiki, kuanzia miaka ya 1970 hadi ya 1990. Mitambo ilifanya kazi vizuri. Kilichoifunga ni kuanguka kwa bei ya urani.