Je, pomboo huitana majina?

Nikitaja kazi yangu hapa Nairobi, swali halikawii: eti ni kweli pomboo wana majina? Ndiyo, ila kwa masharti.

Mimi huchambua sauti za wanyama wa baharini, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mezani, mbali na chumvi. Kompyuta huigeuza rekodi kuwa mchoro, na mluzi wa pomboo huonekana kama mstari unaopanda na kushuka. Mwaka 1965, Melba na David Caldwell wa Marekani walieleza kwamba kila pomboo wa jenasi ya Tursiops, yaani pomboo wenye pua kama chupa, ana mluzi wake mwenyewe. Ndama huutunga angali mdogo, kisha hudumu nao kwa miaka mingi. Hapo ndipo sharti langu lilipo: sisi majina tunapewa, yeye anajipa.

Lakini je, wenzake humtambua kwa mpando na mshuko wa mluzi, au kwa sauti tu, jinsi unavyomjua shangazi kwenye simu kabla hajajitaja? Mwaka 2006, watafiti wa Sarasota, Florida, walitengeneza miluzi kwa kompyuta, wakaifuta sauti ya mwenyewe na kubakiza mpando na mshuko tu. Pomboo bado waliitofautisha miluzi ya jamaa zao. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mzito kuliko wote. Kisha mwaka 2013, huko Uskoti, Stephanie King na Vincent Janik walionyesha kwamba pomboo akichezewa nakala ya mluzi wake, huitika. Akichezewa wa mwingine, kwa kawaida hajibu kwa namna hiyo, anaendelea na yake.

Madume nao wana kisa. Katika ghuba ya Shark Bay, Australia, huunda urafiki wa miaka na miaka, ila kila mmoja hubaki na mluzi wake. Hao ni Tursiops aduncus, spishi ileile tunayoiona Watamu na Shimoni.

Mluzi hutumika hasa mama na ndama wanapotengana, na kelele za injini huufunika. Kwa hiyo ukishuka Pwani likizo hii na boti yenu ikakutana na mama mwenye ndama, mwombe nahodha apunguze mwendo, asikatize katikati yao.