Bamvua si mvua, wala si maji kujaa tu

Bamvua ni kipindi cha siku chache, kinachokuja mara mbili katika kila mwezi wa kuandama, ambapo bahari hujaa kupita kawaida na kupwa kupita kawaida. Kinyume chake ni maji mafu, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Maana yenyewe ni hiyo, na nisingejisumbua kuiandika kama si semina moja ya walimu niliyohudhuria hapa Dar es Salaam.

Semina ililenga walimu wanaofundisha watoto wa wavuvi, ambao katika madarasa mengi ya mjini ni wachache. Vitini vilikuwa tafsiri ya vifaa vilivyotungwa Marekani kwa walimu wa wanafunzi wa jamii za wachache, yaani Wamarekani Weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wenyeji wa asili, ambao wamekuwa adimu katika fani za sayansi ya bahari. Nia ilikuwa njema. Ila mtafsiri aliandika "maji ya majira ya kuchipua", kwa kuwa neno la Kiingereza, "spring", linafanana na jina la majira hayo, ilhali hapo lina maana ya kuruka au kufoka, na hutumika hata Desemba. Mwezeshaji akarekebisha: "Kwa Kiswahili tunasema bamvua, yaani bahari inapojaa kwa ajili ya mvua." Ukumbi mzima ukanakili.

Nakiri kwamba kosa hilo lina kisingizio. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba, na zile za Machi hugongana na mwanzo wa masika, wakati ambapo Mto Msimbazi ukikuta bahari imejaa hukosa pa kumwaga maji yake. Lakini bamvua huja hata Julai, kukiwa kukavu. Kinacholeta hali hiyo ni jua, mwezi na dunia kukaa karibu katika mstari mmoja, mwezi unapoandama na unapopevuka, hivi kwamba nguvu ya jua ya kuinua maji, ambayo ni chini kidogo ya nusu ya ile ya mwezi, huongezeka juu yake. Hapo tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu huzidi mita 3.

Linaloniudhi zaidi ni hilo la pili, la kulifanya bamvua kuwa kujaa peke yake. Mwalimu aliyeketi kando yangu alikuwa na daftari la mwanafunzi wake lililoandikwa: "Maji ya bamvua yanakupwa sana asubuhi, mama anakwenda mwambani kutafuta pweza." Sentensi ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni kuna maelezo: "Bamvua ni kujaa." Mtoto alikuwa sahihi kuliko kitini. Katika siku za bamvua Dar es Salaam maji hujaa kuelekea alfajiri, kisha hukupwa mpaka mwisho mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na ndipo mwamba unapokauka kiasi cha kutembelewa. Anayeishi kwa pweza huhesabu bamvua kwa kupwa kwake. Hata neno pwani limetokana na kupwa: ni mahali maji yanapoondoka. Walioupa jina ufuo huu walitazama mchanga uliobaki, nasi tuliokuja baadaye tunatazama wimbi.

Semina iliangukia siku mbili baada ya mwezi kupevuka. Tulipotoka kunywa chai, saa nne na nusu, mashua zilikuwa zimelala ubavu mchangani na wanawake wenye ndoo walikuwa mbali kule mwambani, wadogo kama kunguru. Nilimwonyesha mwalimu yule, nikamwomba tu, kwa hisani yake, arudishe alama ya vema kwenye lile daftari. Akaniuliza kama kitini nacho kingeweza kusahihishwa kwa kalamu ileile.