Kiu Isiyokatwa na Maji

Ukiukuta mzabibu una ugonjwa wa Pierce, utaapa una kiu. Kingo za majani zimekauka kana kwamba zimebabuliwa na moto, vichala vimesinyaa kabla ya kuiva. Mkulima anafungua maji, udongo unalowa, na mzabibu unazidi kukauka.

Mimi huanza na vikonyo. Kwa kawaida jani la mzabibu huanguka na kikonyo chake. Kwenye ugonjwa huu hupukutika jani tu, vikonyo vikabaki vimechomoza kwenye tawi kama njiti za kiberiti. Halafu hutazama gome la matawi ya mwaka huu: linapogeuka kahawia, huacha mabaka ya kijani hapa na pale. Nikiviona vyote viwili, sampuli naipeleka maabara, ila moyoni nimeshajua.

Bakteria Xylella fastidiosa huishi ndani ya mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini. Humo huzaliana na kugandamana kwa ute. Mzabibu nao, katika kujihami, huziba mishipa yake wenyewe, na hapo ndipo unapojimaliza. Maji yapo chini, njia hakuna.

Jina fastidiosa lina maana ya mwenye kuchagua sana, na kweli bakteria huyu hakubali kila chakula cha maabara. Newton Pierce alieleza ugonjwa huu mwaka 1892, baada ya mashamba ya Anaheim, California, kuteketea. Kwa miongo kadhaa kirusi ndicho kilichobebeshwa lawama, hadi watafiti walipofanikiwa kumwotesha bakteria mwenyewe mwaka 1978.

Anayemsambaza ni mdudu mfyonza maji ya mmea. Wa asili wa California wapo tangu zamani, lakini kilichoitikisa Temecula, eneo la mizabibu kusini mwa California, mwaka 1999 ni mgeni kutoka kusini-mashariki mwa Marekani, mwenye urefu wa kuzidi kidogo sentimita 1. Hufyonza sana na kukojoa sana. Wakijaa kwenye mchungwa, ukipita chini yake unanyeshewa.

Dawa ya kuuponya mzabibu shambani hakuna. Tunadhibiti mdudu, tunang'oa ulioambukizwa. Matumaini yangu yako kwenye mbegu: mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilitoa aina 5 zenye ukinzani uliotoka kwa mzabibu-mwitu. Zina majina kama Camminare Noir na Caminante Blanc, yote yakichezea neno kutembea. Mtafiti aliyeongoza kazi ya kuzizalisha ni Andrew Walker, na kwa Kiingereza “walker” ni “mtembeaji”.