Sanaa ya ardhi: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ni picha za milima na machweo tu." Hizo zipo, na hazina ubaya. Lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wapo wasanii walioweka brashi chini wakaigeuza ardhi yenyewe kuwa kazi. Mwaka 1967 Mwingereza Richard Long alitembea akienda na kurudi kwenye uwanja wa nyasi hadi mstari ukaonekana, akaupiga picha. Basi.

"Kazi ikizama, msanii ameshindwa." Mwaka 1970 Robert Smithson alijenga Spiral Jetty katika Great Salt Lake, jimbo la Utah, Marekani: tuta la mawe meusi ya volkeno na udongo, urefu wa mita 460 hivi, likijiviringa kuingia ziwani. Haikuchukua muda maji yakapanda na kulifunika, na kwa takribani miongo mitatu lilionekana kwa nadra. Mwaka 2002 liliibuka, mawe yake yakiwa yameganda chumvi nyeupe, na siku hizi maji yamerudi nyuma kabisa. Ukame umechangia, lakini pia mito inayolisha ziwa huchepushwa kwenda mashambani na mijini. Smithson, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1973, alivutiwa sana na jinsi vitu vinavyochakaa na kusambaratika, kwa hiyo kuzama hakukuwa doa. Leo tuta lake limegeuka kipimo cha maji ya ziwa.

"Wasanii hawa wote ni watetezi wa mazingira." Hapa sifa hugawiwa bure. Mwaka 1969 Michael Heizer alichimba mahandaki mawili makubwa jangwani Nevada, akaondoa tani 240,000 za mwamba na udongo. Alitafuta ukubwa, si uhifadhi.

Hata nia njema ina gharama. Mwaka 2015, wakati wa mkutano wa tabianchi mjini Paris, msanii Olafur Eliasson na mwanajiolojia Minik Rosing walileta mapande 12 ya barafu kutoka Greenland yayeyuke mbele ya wapita njia. Barafu hiyo ilikuwa imeshameguka yenyewe na kuelea majini, ila usafirishaji haukuwa bure: hesabu ilifikia tani 30 za hewa ukaa, nayo ikatangazwa. Kwangu, kuitangaza ni sehemu bora ya kazi ile.

Msanii Joseph Beuys ndiye aliyepanda kweli: miti 7,000, mingi ikiwa mialoni, mjini Kassel, Ujerumani, kuanzia 1982, kila mmoja ukiwa na nguzo ya basalti kando yake. Mti unakua, jiwe halikui. Wa mwisho ulipandwa 1987, yeye akiwa ameshafariki.

"Anthroposini ni enzi rasmi ya kijiolojia." Kwenye kuta za maonyesho husemwa hivyo mara nyingi kuhusu Anthroposini, yaani enzi ambayo binadamu ndiye anayeibadilisha dunia. Machi 2024 wanajiolojia walipiga kura wakalikataa pendekezo la kuitambua rasmi. Rasmi, tungali katika Holosini, iliyoanza miaka 11,700 hivi iliyopita. Hawakukana kwamba binadamu ameibadilisha dunia. Ubishi mkubwa ulikuwa mwanzo uwekwe wapi: miaka ya 1950, kwenye mabaki ya majaribio ya nyuklia, au huko nyuma kilimo kilipoanza? Wasanii waendelee kulitumia jina, ila neno "rasmi" liondolewe ukutani.