Kugawana maarifa ya waliorudi kutoka nje, maana yake nini hasa?

Kampuni inamtuma mtu akafanye kazi nje, miaka miwili mitatu, inamlipia nyumba, tiketi, ada za watoto, halafu anarudi. Yale aliyoyajua huko yakiingia kwa wenzake mpaka na wao wakaanza kufanya kazi tofauti, hapo ndo maarifa yamegawanwa. Yakibaki kwake peke yake basi kampuni imesomesha mtu mmoja kwa hela nyingi sana.

Wengi tunachanganya hii kitu na mrejesho. Ule wa Jumatatu asubuhi, slaidi ishirini, picha tatu za theluji, sambusa, makofi, kila mtu anarudi mezani kwake. Mrejesho si mbaya ila unabeba vile vinavyoandikika tu: taratibu, namba, nani ni nani. Mwanafalsafa Michael Polanyi alishasema 1966 kwamba tunajua zaidi ya tunavyoweza kueleza, na ukitaka kumwelewa muulize mpishi wa pilau anaweka maji kiasi gani, atakwambia we weka tu utaona. Hayo ya "utaona" unayapata kwa kukaa naye jikoni.

Mfano ninaoupenda ni NUMMI, kiwanda cha magari kilichokuwa cha Toyota na General Motors (GM) pale Fremont, California. GM walikifunga 1982 kwa sifa mbaya, 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na wengi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, sema safari hii makundi yao yalipelekwa kwanza Japani, kiwanda cha Takaoka, wakafanye kazi bega kwa bega na wenyeji kwa wiki kadhaa. Walikuta kamba imepita juu ya laini ya kuunganishia magari, mfanyakazi wa kawaida kabisa akiona kasoro anaivuta, kiongozi wa timu anakuja kusaidia, isipotatuliwa haraka laini inasimama. Kule walikotoka kusimamisha laini ilikuwa balaa! Wakarudi Fremont wengi kwa pamoja, ubora wa magari ukapanda haraka tu.

Sasa upande wa pili wa hadithi. GM walikuwa wanapeleka mameneja wao NUMMI wakajifunze halafu wanawatawanya kwenye viwanda vingine, huyu huku, yule kule, na mtu mmoja akifika sehemu yenye watu maelfu akaanza kusema "kule tulikuwa tunafanya hivi" unajua anavyoangaliwa. Kiwanda cha Van Nuys, hukohuko California, kilijaribu kuiga mfumo wa timu, wafanyakazi wengi na mameneja wengi wakaukataa, 1992 kikafungwa.

Kwa hiyo kugawana kunategemea sana wanaompokea, sio aliyerudi tu. Ana wenzake wawili watatu waliopita njia hiyohiyo? Bosi wake anataka kusikia? Amepewa kazi inayohusiana na alichojifunza? Hilo la mwisho ndo linaniudhi zaidi, mtu kule alikuwa anaongoza kitengo, anarudi anakuta kiti chake kina mwingine, anapewa "miradi maalumu" na meza karibu na mashine ya fotokopi. Wa hivyo hamwelekezi mtu chochote, anasasisha CV, na siku mtakayoandaa semina ya kumsikiliza yuko kwa washindani wenu anawafundisha bure.