Mghushi Gani Huandika Mtaa Wake?

Nimeulizwa tena kuhusu tokeni, vile vipande vya shaba ambavyo wenye maduka wa Uingereza ya karne ya 17 walivitoa kama chenji, safari hii na mtu aliyesoma: "Hizi si ndizo zile pesa bandia walizojipigia wenye maduka wa Uingereza wakati hakuna mfalme?" Hapana. Na kwa kuwa nimechoka kumjibu mmoja mmoja, naandika hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Chukua tokeni yoyote ya kati ya 1648 na 1672. Ukingoni kuna jina la mtu, kamili. Upande wa pili kuna mji wake, na kama ni London, mtaa wenyewe. Katikati kuna alama ya duka, na mara nyingi herufi ya jina la mke wake imo pia. Sasa niambie, mghushi gani mwenye akili zake anapiga pesa ya uongo kisha anaandika humo humo anakokaa na aliyemuoa? Pesa bandia hujificha kwenye sura ya pesa halali. Hizi hazikujificha popote, na nyingi zinatamka wazi kwamba ni "nusu peni yake", yaani ya huyo mwenye duka. Ni hati ya deni iliyogongwa kwenye shaba: mletee fathingi zake nne, akupe kitu cha peni moja.

Sababu yake sitaikalia sana. Kiwanda cha sarafu cha mfalme kilijiona ni cha dhahabu na fedha, na fathingi ya fedha ingekuwa ndogo kiasi cha kupotelea kwenye ukucha. Lakini mkate, bia na mshumaa vilinunuliwa kwa fathingi. Aliyewahi kupewa pipi dukani eti chenji hakuna analijua tatizo hili, ila pipi hairudishwi kesho yake kununulia sabuni.

Kama mnatafuta utapeli, tazameni juu zaidi. Mwaka 1613 Mfalme James wa Kwanza alimpa Lord Harington wa Exton hati ya kupiga fathingi za shaba, ili ajilipe gharama alizoingia kwa ajili ya arusi ya binti wa mfalme aliyeolewa Ujerumani. Vilikuwa vipande vyembamba, vingine havikufika nusu gramu, na faida ikaenda kwa mwenye hati na kwa mfalme. Hizo ndizo zilizoghushiwa, na kwa wingi. Mwaka 1644 Bunge likausimamisha mpango mzima, Januari 1649 Mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa, na hakuna aliyejali kuwapa watu chenji. Wenye maduka wakajitafutia. Hata miji ilifanya hivyo: Bristol na Oxford zina tokeni zao za 1652.

Kinachonikera zaidi ni alama ya katikati. Mtu anaorodhesha tokeni, anaona nguva, anaandika kwamba mwenye duka ni "mvuvi". Anaona kichwa cha Mturuki, anaandika "mhamiaji Mwislamu". Jamani! Nyumba za London hazikuwa na namba. Duka lilijulikana kwa kibao kilichoning'inia mlangoni, na kibao hicho chaweza kuwa kilitundikwa na mpangaji wa zamani aliyeuza kitu kingine kabisa. Kichwa cha Mturuki kilitangaza kahawa, maana kahawa ilihesabiwa kitu cha Waturuki. Mkahawa mmoja wa Exchange Alley, kichochoro cha London, ulimweka Sultani Murad mwenyewe kwenye tokeni yake, pamoja na beti la majigambo.

Halafu kuna nembo za vyama vya wafanyabiashara. Ya wauza viungo wa London ina karafuu tisa. (Msomaji wa Pemba asichangamke: karafuu hizo zilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo, kwetu zilifika karne ya 19.) Ukizikuta kwenye tokeni ya London, sawa, huenda jamaa alikuwa mwanachama. Kwenye kamji ka mashambani mimi huwa mzito kuamini. Huko mtu mmoja aliuza sukari, vitambaa, misumari na tumbaku chini ya paa moja, akachagua nembo iliyompendeza, au ile ambayo fundi alikuwa nayo tayari. Vitabu humwandika "muuza viungo" bila kusita. Mimi huandika kinachoonekana, "nembo ya wauza viungo", nikaishia hapo mpaka nione wasia wake au orodha ya mali aliyoiacha.

Fundi, nimesema, kwa sababu si kazi ya kugongagonga nyuma ya duka. Mtindo wa herufi na mapambo hufanana kati ya wilaya zilizo mbalimbali sana, na sehemu kubwa ya kazi hii huhusishwa na David Ramage, aliyekuwa fundi kwenye kiwanda cha sarafu cha London. Mwenye duka aliagiza na kulipa.

Sasa zile herufi tatu za majina zilizo kwenye tokeni. Ya juu ni ya jina la ukoo, ya kushoto mume, ya kulia mke. Kanuni hii ni nzuri, na rejesta za ndoa za parokia huithibitisha mara kwa mara. Lakini msiifanye msahafu. Herufi mbili tu si ushahidi kwamba jamaa alikuwa kapera, labda amefiwa. Na mke asipoonekana kwenye rejesta, msimbunie. Huenda ile herufi ni ya mbia wake. Nimeona mti wa ukoo mzima umepandwa juu ya herufi M. Wapo pia wanawake waliotoa tokeni kwa majina yao wenyewe, wengi wao wajane walioendelea na duka.

Je, kuna walioumia? Wapo. Agosti 1672 Charles wa Pili alitoa fathingi na nusu peni za shaba zenye Britannia, yule mwanamke anayesimama kwa niaba ya Uingereza, akapiga marufuku za watu binafsi. Aliyebaki na tokeni za mtu aliyekufa kwa tauni ya 1665, au za baa iliyoteketea kwenye moto wa 1666, angemdai nani? Husimuliwa kwamba majirani walizichambua kwenye visanduku, wakazirudisha kwa wenyewe na kulipwa fedha. Inawezekana. Lakini kila tokeni iliyodondoka na kupotea ilikuwa deni lisilolipwa, na zimeokotwa nyingi mno kwenye matope ya mto Thames, kiasi kwamba siwezi kuamini kuwa watoaji hawakulipigia hesabu hilo tangu siku ya kuagiza.